Nusu ya Kifuniko

3 Februari

Dada mkubwa,

Shikamoo nyingi zimo humu ndani, chukua zako, nyingine mpe Mama, zitakazobaki weka akiba, maana mimi sasa ni mtu wa shughuli na sijui nitashika kalamu tena lini. Ni mzima kuanzia kisogo hadi kisigino, isipokuwa vifundo vya mkono wa kulia vimevimba. Usivionee huruma. Kichwa nilichokipiga kimevimba zaidi.

Mguu wa Mama vipi? Na nyinyi huko kiwandani bado mnakorogana na sabuni kama wachawi wa mchana? Natania. Asante kwa ile miche ya sabuni uliyonitumia. Wenzangu wananiita Bwana Harusi kwa ninavyonukia.

Sasa keti, nina neno. Mdogo wako, yule uliyesema atazeeka akiegemea ukuta wa watu, ni mlinzi wa Mheshimiwa. Si mheshimiwa wa hivi hivi. Yule wanayemwita Bwana Katikati, ambaye Mama akimsikia redioni anazima jiko ili mvuke usimpigie kelele. Nasimama nyuma yake karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo ya shingo. Nimepewa suti nyeusi. Mikono yake mifupi kidogo, lakini nikisimama nimekunja ngumi nani ataona?

Najua utauliza: katikati ya nini? Wewe hata uji unautafuna. Haya, nikufundishe siasa, mimi niliyeaga shule kupitia dirishani. Mrengo wa kushoto kuna Wekundu. Hao wanasema tajiri asikumbatie peke yake, na mfanyakazi naye asikilizwe. Mrengo wa kulia kuna Wabuluu. Hao wanasema mwenye mali aachwe na mali yake, mwenye shida ajikaze. Mheshimiwa wetu yuko katikati kama pua usoni, hapendelei jicho hili wala lile. Huyu akisema jambo liwe, yule akisema lisiwe, yeye anasema liwe kidogo, na ukumbi mzima unapiga makofi. Watu wanapenda kidogo, dada. Kidogo hakimtishi mtu.

Na kazi yetu ni ya haki vilevile. Nyuma ya gari kuna gunia la fulana nyekundu na gunia la fulana za buluu. Tukienda kuvuruga mkutano wa Wekundu tunavaa buluu. Tukienda kwa Wabuluu tunavaa nyekundu. Kila mmoja anajua amepigwa na mwenzake. Jioni Mheshimiwa anaingia redioni na ile sauti ya asali: "Ndugu zangu, tazameni misimamo mikali inakotupeleka." Mama anafuta machozi, mimi nafuta damu kwenye viatu. Usawa mtupu!

Jumatatu tulikuwa kwa Wekundu, kwenye ukumbi wa mafundi cherehani. Nilimpata mwalimu mmoja kwa nondo kwenye taya, naye akawa anataka kuendelea na hotuba huku taya limeshahamia upande mwingine. Maneno yalikuwa yanatoka kama maji kwenye bomba bovu. Mwanamke mmoja alijificha chini ya meza, tukamtoa kwa nywele, na nywele nyingine zikabaki mkononi mwa mtu. Usiniangalie hivyo. Najua unaniangalia.

Kiongozi wetu anaitwa Nyundo. Usiniulize kwa nini.

Mimi, mdogo wako Kidomo, mlinzi wa katikati ya nchi.


1 Machi

Mdogo wangu Kidomo,

Marahaba, nimezigawa kama ulivyotaka. Mama kapokea zake akasema suti ipeleke kwa fundi, aongeze kitambaa, mtu asiende kazini na mikono nje kama mwosha vyombo. Mguu wake unapanda ngazi lakini kushuka unagoma. Habari za taya sijamsomea. Nimemsomea suti.

Mambo yako ya pua na macho nimeyaelewa. Nina swali, na ukinijibu kwa mzaha nitajua umelikimbia. Kwa Wekundu mlikwenda na nondo. Kwa Wabuluu mnakwenda na nini?

Huku si kuzuri. Lile tangi la kuchemshia unalijua, ulipokuwa mdogo nilikukataza hata kusogea ngazi zake. Mafuta na magadi makali vikichemka pamoja povu hupanda, na likimwagika halichagui ngozi. Zamani lilikuwa na kifuniko kizima cha bati, kilichofungwa kwa bawaba. Bawaba zikaoza. Mwenye kiwanda badala ya kununua nyingine akakiondoa kifuniko, akasema kufungua na kufunga kunapoteza muda. Juma lililopita povu likamrukia Mwiko, yule mkoroga sabuni wetu anayeimba vibaya. Jicho la kushoto limekwenda. Lilipikwa, Kidomo. Lilibadilika rangi kama yai huku sisi tunammwagia maji, naye anapiga kelele kwamba maji ni ya moto, na maji yalikuwa ya baridi.

Tumeacha kazi. Tunadai kifuniko kizima, basi. Wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao. Wanasema nina sauti. Sauti ni ya ukoo, wewe unajua unavyoitumia yako.

Dada yako.


24 Machi

Dada mkubwa, Jenerali wa Povu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia umekuwa msemaji, ingawa wewe ulikuwa msemaji tangu nyumbani na hakuna aliyekuchagua. Mwiko mpe pole. Mwambie jicho moja linatosha kwa mtu anayeimba, hasara ni ya masikio yenu mnaomsikiliza. Mama mwambie fundi ameongeza kitambaa, sasa mkono mmoja ni mweusi na mwingine ni mweusi wa namna yake.

Mimi ni mzima, isipokuwa jino la mbele na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nitafika huko.

Umeuliza kwa Wabuluu tunakwenda na nini. Swali gani hilo, kama la mzee wa baraza! Tunakwenda na mikono. Tunavunja viti. Dereva anapiga honi kabla ya kona ili wazee wapate muda wa kutoka, maana wale ni watu wazima, wana presha, wana magari yao nje, ukimgusa mmoja simu zinalia mpaka wizarani. Viti vyenyewe Mheshimiwa hulipa kesho yake. Lakini tunavivunja kwelikweli, hilo nakuapia. Vipande vidogovidogo. Kwa hiyo umejibiwa, usirudie.

Sasa sikia kichekesho. Mimi ndiye mdogo kikosini, kwa hiyo kufua fulana ni juu yangu. Nondo zina wenyewe, damu ina mfuaji. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikatumbukiza magunia yote mawili kwenye pipa moja, na sabuni yako juu. Dada, mnaweka nini humo? Nilipozitoa hakukuwa na nyekundu wala buluu. Zote zilikuwa na rangi ya jicho lililopigwa ngumi. Na Nyundo anapiga honi nje.

Tukazivaa hivyohivyo, mbichi, tukaenda kwa Wekundu sokoni. Tukaanza kazi. Nyundo akamvunja mkono muuza vitunguu, nikausikia ule mlio, kavu, kama ukuni. Watu wanakimbia huku, wanakimbia kule, lakini hawajui wamtukane nani. Mama mmoja mnene akasimama katikati ya vitunguu vyake, damu inamchuruzika sikioni, akauliza kwa sauti kuu: "Ninyi ni wa nani? Semeni basi tujue tunapigwa na nani!"

Unanijua mdomo wangu. Nikamjibu: "Sisi wa katikati, mama!"

Soko lote likasikia. Nyundo alinigeukia palepale, na jino nikalitemea kwenye mizani ya mtu.

Jioni nikaitwa kwa Mheshimiwa. Nilidhani nimekwisha. Akanikaribisha kiti, akanimiminia chai kwa mkono wake. Akasema: "Kijana wangu, wako wanaonishauri nikufukuze kabisa. Wako wanaosema nikusamehe kabisa. Mimi si mtu wa kabisa." Akamtazama Nyundo. "Kidole. Kimoja. Kile kidogo." Na Nyundo akakivunjia ukingoni mwa meza ileile yenye chai, Mheshimiwa ameshika kikombe chake ili kisimwagike.

Unaona lakini? Hakunifukuza. Mwingine angenifukuza. Nilimshukuru, dada, niliinama nikamshukuru, machozi yananitoka na chai ilikuwa nzuri.

Kidomo, asiyeweza kufukuzwa.


9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu. Anauliza kidole kilifungwa na nani, na kama kimefungwa kikiwa kimenyooka. Nilimwambia uliangukia mlango. Huu ni uongo wa kwanza kumwambia kwa ajili yako tangu ulipotoka shule kupitia dirishani.

Soma barua yako mwenyewe. Wekundu mifupa, Wabuluu viti. Halafu uniambie tena habari za pua.

Bado tumekaa nje ya geti. Mwiko anakuja kila siku na kitambaa juu ya jicho, anakaa na sisi, na siku hizi hata kuimba kwake tunakuvumilia. Mwenye kiwanda ametuma ujumbe kwamba anamleta msuluhishi, mtu asiye wa upande wowote. Ni Mheshimiwa wako.

Nilimuuliza mlinzi wa geti atakuja lini. Akasema kwanza watakuja "vijana wa kutuliza," yeye baadaye. Nimeelewa. Wewe ndiye uliyenifundisha mpangilio.

Kidomo, sijakuomba kitu tangu umekuwa mkubwa. Nakuomba hiki. Niandikie mapema mnakuja lini na mmevaa rangi gani, niwaondoe wenye watoto mgongoni na yule mzee wa stoo asiyeweza kukimbia. Na wewe siku hiyo usije. Umwa. Jifanye kichaa, hutahitaji kujitahidi sana. Lakini usije.

Dada yako.


18 Mei

Dada mkubwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Mimi mzima wa mwili. Mama je? Mvua imenyesha huko? Huku imenyesha ya kutosha, mfereji wa mbele ya ofisi umejaa, tulimtumbukiza karani mmoja kwa utani akatoka na chura. Hahaha.

Barua yako ilichelewa posta. Ilifika mambo yameshapita. Posta ya siku hizi unaijua.

Nimesikia yaliyotokea hapo getini. Nimesikia tu. Wanasema vijana wenye fulana za buluu walifika asubuhi, kina mama wakiwa wanakunywa chai, wakaanza na masufuria, kisha watu. Wanasema mzee wa stoo alikanyagwa. Wanasema kulikuwa na damu mpaka kwenye ile nembo ya sabuni ukutani. Mambo mabaya sana. Misimamo mikali hiyo.

Lakini tazama sasa matunda! Mheshimiwa amekuja, amekaa na mwenye kiwanda, amekaa na ninyi, na mgogoro umekwisha. Nilikuwa nyuma yake ofisini, ninyi mlikuwa hamjaitwa bado. Mwenye kiwanda akasema hataki kifuniko hata cha chungu. Mheshimiwa akasema wafanyakazi wanataka kizima. Akachukua kalamu akachora duara, akapitisha mstari, akasema: "Basi tuweke nusu. Kila mmoja apate, kila mmoja apoteze." Mwenye kiwanda akacheka, akampa mkono. Mimi nilikaribia kupiga makofi. Mlikuwa hamna kitu juu ya lile tangi, sasa mna nusu nzima! Umeshinda, dada. Redio imekutaja, imesema "mwakilishi wa kina mama." Mama lazima alizima jiko.

Kwa nini huniandikii? Au posta yenu nayo?

Ni mimi, mdogo wako.


11 Juni

Kwa Kidomo,

Mwandiko huu si wa dada yako. Ni mimi Mwiko. Yeye anasema, mimi naandika. Anasema niandike hivi:

"Marahaba. Mama hajambo. Mikono yangu imechoka kidogo ndiyo maana nimemwomba mwenzangu. Suti yako iweke mbali na jua. Kuhusu ushindi: lile tangi lilikuwa na kifuniko kizima, nilikuandikia. Mwenye kiwanda akakiondoa chote. Tukadai kilekile kilichokuwepo. Mheshimiwa wako akasimama kati ya sisi na yeye, akatoa nusu. Mwakani mwenye kiwanda ataondoa hiyo nusu, sisi tutaidai, na Mheshimiwa atakuja na sauti yake nzuri atupe robo. Atakuwa bado katikati. Wewe uliye nyuma ya shingo yake, tazama anatembea kuelekea wapi. Mimi sina zaidi."

Hapo ndipo alipoishia. Sasa amelala, na yanayofuata ni yangu. Alinikataza.

Nusu ya kifuniko ilifungwa upande wa ofisi, kwa sababu huko ndiko wageni wanapandia. Upande wa wazi ni wetu sisi wakorogaji. Hakuna aliyetaka kusimama hapo, na aliyekataa aliambiwa aende nyumbani. Dada yako akasema basi tupokezane, na yeye atakuwamo kwenye zamu kama wengine, ingawa kazi yake ni kukata miche, si kukoroga. Zamu yake povu lilipanda. Bati lile la nusu likalizuia huku, likalisukuma lote kule. Kama lingekuwa wazi lote, pengine lingemwagika kidogo kila upande. Lilikuja kwake peke yake.

Mikono yote miwili hadi juu ya viwiko, na shingo. Nilimvua blauzi na ngozi ikaja nayo. Hakulia jina la mtu yeyote ila la kwako, na si kwa wema. Hospitali wamemrudisha nyumbani, kitanda kilitakiwa na mwingine. Mama yako anampepea mchana kutwa. Daktari anasema shingo ikioza hatuna tena la kuongea.

Jambo la mwisho. Alikuona getini siku ile. Ulikuwa umefunga kitambaa usoni, lakini unavyorusha mguu wa kulia ukikimbia anaujua tangu akufundishe kutembea. Na mimi nilikuona, au niseme sikukuona, kwa sababu ulinijia upande ambao sina jicho. Nondo ilinipata begani. Nilipoanguka ulinipiga tena. Sijui kwa nini mara ya pili.

Naandika kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Mwiko.


27 Julai

Dada,

Shikamoo. Naandika nimelala kifudifudi, kwa hiyo herufi zikianguka ziinue. Nipo mahabusu. Mbavu zimevunjika, sikio moja linavuma, na nakojoa rangi ya fulana zile. Sijambo.

Barua yako ya Aprili haikuchelewa. Niliipata, nikaisoma, nikaikalia. Nilikuja getini kwa sababu Nyundo alisema asiyekuja ni Mwekundu. Mara ya pili nilimpiga Mwiko kwa sababu Nyundo alikuwa ananitazama. Ndiyo hiyo, haina mkia.

Barua ya Mwiko niliisomea garini. Nyundo akauliza, "Demu amekuacha?" Nikasema ndiyo. Wakacheka, nikacheka. Juma lilelile tukaambiwa Mheshimiwa anakwenda kiwandani kupigwa picha na kile kifuniko, aonyeshe nchi nzima faida ya kukaa meza moja. Nikavaa suti. Nikaipiga pasi.

Tulipofika kulikuwa na waandishi, zulia limetandikwa mpaka kwenye ngazi za tangi. Lilikuwa linachemka. Sikujua lina sauti, dada. Hukuwahi kuniambia lina sauti, kama mtu mnene anayekoroma. Mheshimiwa akapanda, mwenye kiwanda akapanda, mimi na Nyundo nyuma. Upande wa wazi kulikuwa na mkoroga mpya, kijana mwembamba, ameshika mti wa kukorogea, kafunga gunia mikononi badala ya glavu.

Mpiga picha akasema, "Mheshimiwa, simama popote." Na pamoja na nafasi yote iliyokuwepo, alikwenda moja kwa moja kulia, upande wenye bati, bega kwa bega na mwenye kiwanda. Hakufikiria hata kidogo. Miguu ilijua yenyewe.

Nikamwambia, "Mheshimiwa, wewe ni mtu wa katikati. Sogea katikati basi."

Akacheka. "Hapa panatosha, kijana."

Nikamshika tai.

Nyundo alinipiga rungu la mgongo, la kwanza. Niligeuka nikampa paji la uso kwenye pua, nikaisikia ikienda, akaanguka ngazi zote na kichwa chake kikawa kinagonga kila moja. Mwenye kiwanda alishaondoka, sijui alipitia wapi, yule mzee ana mbio. Nikamburuta Mheshimiwa kwa tai mpaka upande wa wazi, nikamlaza kifua kwenye ukingo, uso juu ya povu. Moto ule, dada. Nyusi zake zilijikunja. Tone likaruka likampata shavuni, nikaona linavyoingia, ngozi inafunguka kama karatasi ya mafuta. Akalia. Ile sauti ya asali ilikuwa imekwisha, alilia kama sisi wote.

"Funikeni!" anasema. "Funikeni tangi!"

"Nusu imeshafunikwa, Mheshimiwa. Tuongeze robo?"

"Yote! Yote! Kifuniko kizima!"

"Mwenye kiwanda hataki hata cha chungu. Tukutane wapi?"

"Kizima, mwanangu! Kizima, nakuomba!"

Kamera zinalia kwe kwe kwe. Mbele ya nchi nzima, dada, alidai mlichodai ninyi, neno kwa neno. Ilihitaji tu kumweka mlipokuwa mmesimama.

Nami nilitaka kumwachia. Sitakuficha. Mikono ilikuwa imeshaanza kulegea. Yule kijana mkorogaji hakupiga kelele wala hakukimbia. Alinisogelea akasema polepole, kama anayemshauri mtu asimwage maji njiani: "Kaka, ukimtia humu, sisi ndio tutakaomtoa."

Nikamvuta nyuma. Nikamkalisha kwenye mbao. Alikuwa amejikojolea, nami nikatandika koti la suti nikamfunika, sijui kwa nini. Halafu wenzangu wa kikosi wakanifikia. Sasa hivi najua nondo ni nini. Unapoishika huijui.

Dada, mikono ikoje? Na shingo? Sikuombi unisamehe, nitaonekana namuiga Mheshimiwa, kutaka makubwa baada ya kuumia. Ila ninaomba umwambie Mwiko samahani kwa niaba yangu. Wewe una sauti, utaisema vizuri. Mimi nikisema itatoka na mzaha, unanijua.

Mama ananiwaza?

Mdogo wako.


15 Agosti

Kidomo,

Marahaba. Huu mwandiko ni wangu, usiucheke. Vidole viwili vimeshikana, lakini kalamu inapita. Shingo imekauka. Sitaweza tena kugeuka kulia bila kugeuka mwili mzima, na nimeshazoea.

Mama anakuwaza. Ile picha ya gazeti, Mheshimiwa kafungua mdomo juu ya povu na wewe umeng'ata meno hayo yaliyobaki, ilifika mpaka kwa muuza mkaa. Mwenye kiwanda alileta kifuniko kizima kabla juma halijaisha, na bawaba mpya. Mheshimiwa kapona shavu. Jana alisema redioni kwamba kifuniko ni matunda ya mazungumzo, na kwamba wahalifu kama wewe wapo kushoto na kulia, yeye atabaki palepale katikati. Mama akainuka kwa ule mguu wake, akaizima redio, akaenda kuwasha jiko.

Nimerudi kazini, ila sikati tena miche, nahesabu maboksi. Mimi na wewe tutaongea utakapotoka, na sijui itakuwa mwaka gani, wala sijui nitaanzia wapi. Leo siwezi.

Ujumbe wako kwa Mwiko sikuupeleka. Si mzigo wangu huo. Nilimwambia tu uko wapi. Siku nzima hakuimba. Leo asubuhi ameomba ruhusa kwa msimamizi, atakuja siku ya wageni. Sikumuuliza anakuja kufanya nini.

Akifika, usimtanie. Mwache aanze yeye.

Dada yako.